Mtindo wa Maisha na Afya ya Wanachuo wa Pwani ya Lindi

Mtindo wa maisha ni yale mambo ambayo mtu huyarudia kila siku mpaka yakaacha kuonekana kuwa ni uamuzi: chakula na saa za kula, usingizi, shughuli za mwili, vinywaji, sigara, na namna ya kukabili mawazo. Kwa mwanachuo, mambo haya hupangwa upya yote kwa wakati mmoja. Akiwa na miaka 19 au 20 anaondoka katika nyumba ambayo mtu mwingine alipika na kuzima taa, anaingia mahali ambapo hakuna wa kumuuliza kama amekula. Mazoea anayoyajenga katika miaka mitatu au minne inayofuata mara nyingi hudumu, lakini madhara yake hayaonekani papo hapo. Kijana wa miaka 22 anaweza kula ovyo na kulala kidogo muhula mzima na bado akacheza mpira Jumamosi. Deni hudaiwa baadaye. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, uliofanyika mwaka 2012 kwa Watanzania wa miaka 25 hadi 64, uliwakuta takriban asilimia 26 wakiwa na shinikizo la juu la damu na asilimia 9 wakiwa na kisukari. Umri uliopimwa unaanzia pale pale ambapo chuo kinaishia.

Kwa vijana wa Kilwa, Lindi mjini, Mtama, Ruangwa, Nachingwea na Liwale kuna jambo la ziada, nalo ni umbali. Mkoani mwao vimekuwapo vyuo vya ualimu, afya na ufundi, lakini shahada kwa muda mrefu imefuatwa nje ya mkoa. Wengi huelekea Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) au Ardhi; wengine hupangiwa Dodoma, au Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Mzumbe; wengine huenda jirani Mtwara, katika chuo cha Stella Maris, au huvuka bahari kwenda Zanzibar. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, safari ya masika kutoka Kilwa kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya kulala njiani. Siku hizi anayepanda basi Kilwa Masoko alfajiri hufika mjini mchana. Hata hivyo mwanachuo hawezi kurudi nyumbani kila mwisho wa wiki, na kapu la nyumbani humfikia kwa nadra.

Mlo anaouacha unafaa kuelezwa kwa haki, bila kuutukuza. Katika pwani hii chakula husimama juu ya muhogo, mahindi, mtama na mchele. Kitoweo ni samaki, dagaa, pweza, mbaazi, kunde na choroko, mboga ni kisamvu, matembele na mchicha, na tui la nazi huingia karibu kila sufuria. Upande wa bara wa mkoa, watu huchimba mizizi iitwayo ming'oko porini na kuichemsha. Samaki hutoa protini na mafuta yanayoulinda moyo. Mbaazi na kunde huongeza madini ya chuma pamoja na nyuzinyuzi, ambazo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Lakini mlo huo huo una upungufu wake. Muhogo ni wanga karibu mtupu, kwani gramu 100 za muhogo mbichi hazifikishi gramu 2 za protini. Ng'onda na papa mkavu hubeba chumvi nyingi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Tui zito lina mafuta mengi ya aina inayopandisha lehemu, na chai ya pwani hainyweki bila sukari ya kutosha. Ubora wa mlo wa nyumbani umo katika mpangilio wake. Saa za kula zinajulikana, mboga haikosekani sahanini, na yupo mtu, kwa kawaida mama au bibi, anayekumbuka jana kililiwa nini. Chuoni, huo mpangilio ndio unaovunjika kwanza.

Kinachoamua mlo wa mwanachuo, zaidi ya elimu yake ya lishe, ni kalenda ya fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hutoa posho ya chakula na malazi kwa wanafunzi inaowakopesha. Kiwango chake kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Lakini fedha hiyo, ambayo wanachuo huiita bumu, hailipwi siku kwa siku; huja kwa mkupuo wa wiki nyingi. Mwenye kitanda katika hosteli ya chuo anaweza kuielekeza sehemu kubwa kwenye chakula. Aliyepanga geto mtaani anagawa shilingi hizo hizo kati ya kodi, umeme, nauli na sahani. Asiye na mkopo anategemea nyumbani, na katika mkoa wa Lindi nyumbani mara nyingi maana yake ni korosho na ufuta. Minada ya korosho huanza Oktoba na malipo hufuata baada ya mnada. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka. Katikati ya misimu hiyo mzazi wa Nachingwea hana cha kutuma, hata kama mtihani wa mwanawe ni wiki ijayo.

Kwa hiyo ulaji huenda kwa mawimbi. Wiki ya bumu ni wiki ya chipsi kuku, soda na marafiki wengi. Zikifika wiki za mwisho mwanachuo anapiga pasi ndefu: asubuhi anaruka, mchana anaruka, kisha saa kumi jioni au usiku anakula mlo mmoja wa kushindilia. Lawama ya kawaida kwamba vijana hawajali afya ni nyepesi mno kwa hali hii. Mwenye shilingi 2,000 mfukoni na saa nane za vipindi mbele yake hununua kitu kinachoshibisha haraka na kinachopatikana karibu, na hicho huwa ni wanga uliokaangwa. Sahani ya chipsi mayai, ile inayoitwa zege, ikiwa na viazi vya kutosha na mayai mawili, hukadiriwa kuwa na kilokalori 800 hadi 1,000, karibu nusu ya mahitaji ya siku nzima ya msichana wa kimo cha kawaida. Kachumbari iliyo pembeni ndiyo mboga pekee. Aidha, mafuta ya karai yanayotumika siku nzima, na mara nyingine kuongezewa tu kesho yake badala ya kubadilishwa, huharibika kadiri yanavyochemshwa tena na tena.

Mwili unaopata mlo mmoja mkubwa kwa siku hauharibiki mara moja, lakini hulipa kwa njia ndogo ndogo. Asubuhi umakini hushuka na kichwa huuma. Jioni, njaa kali humfanya mtu ale kupita kiasi, tena vitu vitamu na vyenye mafuta, kisha alale tumbo likiwa limejaa na tindikali ikipanda kooni. Ndiyo sababu mwanachuo mmoja anaweza kukonda wakati mwenzake wa chumba kimoja, mwenye fedha ileile, ananenepa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015/2016 uliwakuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, na hali hiyo ni ya kawaida zaidi mjini kuliko kijijini. Anayetoka Njinjo kwenda Ubungo anahamia upande wenye hatari hiyo.

Pasi ndefu pia inasingiziwa kosa lisilo lake. Katika hosteli karibu kila maumivu ya chembe ya moyo huitwa vidonda vya tumbo, na sababu inayotajwa ni njaa. Kuanzia mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kuwa vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyu huingia mwilini kwa kawaida tangu utotoni, na watu wengi Afrika wanaye bila kuumwa. Chanzo kikubwa cha pili ni dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo wanafunzi huzinunua dukani kwa maumivu ya kichwa, mgongo au hedhi na kuzimeza bila kula. Njaa huongeza kiungulia kwa aliye na tatizo tayari, lakini haitoboi tumbo. Tofauti hii ina uzito katika matibabu. Anayeamini ameumizwa na njaa atakunywa maziwa na dawa ya kupunguza tindikali kwa miaka, wakati kipimo cha kinyesi au cha pumzi kingeonyesha bakteria, na dawa za wiki mbili zingemmaliza bakteria huyo. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni dalili ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wanachuo wa kike tatizo la kimya zaidi ni upungufu wa damu. Utafiti ule wa kitaifa wa 2015/2016 uliukuta kwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Hedhi hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na mlo wa wanga na chai hauyarudishi. Dalili zake ni uchovu, moyo kwenda mbio akipanda ngazi na kusahau haraka, na mara nyingi huhesabiwa kuwa uvivu au msongo wa masomo. Chai yenyewe inachangia. Kemikali zake aina ya tanini hushikana na chuma cha maharage na mboga na kukizuia kuingia mwilini, na katika vibanda vingi chai na maharage hushushwa mezani pamoja. Kuisogeza chai saa moja kabla au baada ya mlo hakugharimu shilingi hata moja. Vitamini C hufanya kinyume cha chai, kwa hiyo ndimu iliyokamuliwa juu ya maharage, embe au ukwaju baada ya kula huongeza chuma kinachofyonzwa. Hapa pwani ya Lindi ina utajiri unaooza chini ya mikorosho. Bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, lakini msimu ukifika mabibo mengi hutupwa au hugeuzwa pombe iitwayo uraka. Dagaa wakavu, wanaoliwa na mifupa yao, huongeza chuma na kalisi kwa bei ambayo hata wiki ya mwisho ya bumu inaimudu, na mwanachuo wa pwani ana bahati ya kujua kuwaosha, kuwakaanga kidogo na kuwamalizia kwa ndimu.

Soda ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe ni takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa wastani, na nusu ya hicho ni bora zaidi. Kwa hiyo soda moja na vikombe viwili vya chai tamu vinaijaza siku. Vinywaji vya kuongeza nguvu huongeza kafeini juu ya sukari, mara nyingi miligramu 80 hivi katika mililita 250. Kwa mtu mzima mwenye afya, miligramu 400 kwa siku hazichukuliwi kuwa hatari, na mwanachuo wa kawaida hafiki huko. Kinachomdhuru zaidi ni saa anayokunywa. Kafeini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa tano hivi. Kopo linalofunguliwa saa nne usiku ili kuendelea kusoma bado lina nusu ya nguvu yake saa tisa alfajiri.

Hapo ndipo usingizi unapoingia, na pengine hakuna zoea la chuo linaloharibu mengi kwa muda mfupi kama kukesha. Vijana wa miaka 18 hadi 25 wanahitaji saa saba hadi tisa kwa usiku. Katika umri huu saa ya ndani ya mwili husogea mbele, na homoni ya melatonini inayoleta usingizi huchelewa kupanda, hivyo kijana asiyehisi usingizi saa nne usiku hafanyi ukaidi. Tatizo ni kwamba kipindi cha saa moja asubuhi hakisogei pamoja naye. Mwanga wa simu karibu na uso huichelewesha melatonini zaidi, na video fupi zinazojiendesha zenyewe humnyima kichwa nafasi ya kutulia. Joto la Dar es Salaam na Lindi huongeza lake, kwa sababu mwili hauna budi kupoa kidogo ndipo ulale vizuri, na chumba cha vitanda vinne ambamo wanalala sita kwa kubebana hakipoi.

Wanafunzi hukesha kwa imani kwamba saa za usiku ni za ziada. Kwa upande wa kumbukumbu hesabu hiyo haitoki. Aliyosoma mtu mchana hupangwa na kuimarishwa na ubongo wakati wa usingizi, hasa ule mzito wa mwanzo wa usiku na ule wa ndoto unaoongezeka kuelekea alfajiri. Anayelala saa tisa usiku na kuamka saa kumi na mbili anakata sehemu kubwa ya huo wa pili. Usiku mmoja wa namna hii kabla ya mtihani hurekebishika. Wiki tatu za kufululiza hupandisha njaa, hushusha kinga, huchafua hisia na huongeza ajali, hasa kwa anayerudi geto kwa bodaboda usiku wa manane. Usingizi wa dakika 20 mchana husaidia. Wa saa mbili jioni huhamisha tatizo kwenda usiku.

Kukesha kuna gharama nyingine katika nchi yenye malaria. Mbu wa malaria huuma usiku, na aliyekaa kwenye vimbweta vya kujisomea nje ya majengo mpaka saa saba usiku, akiwa na suruali fupi na mikono wazi, yuko nje ya chandarua kwa saa hizo zote. Katika chumba cha kubebana, anayelala sakafuni hana pa kutundikia. Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria bado ni nyingi, na wenyeji waliokua humo hujenga kinga ya kiasi, inayowafanya wasiugue sana hata wakiwa na vimelea. Kinga hiyo haidumu bila kuumwa na mbu mara kwa mara. Kijana wa Kilwa Kivinje aliyekaa Dodoma miaka mitatu, ambako maambukizi ni machache, anarudi likizo akiwa amepoteza sehemu yake, na anashangaa homa inampiga kuliko wadogo zake. Naye rafiki yake wa Makete anayemtembelea hakuwa nayo tangu mwanzo. Homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya likizo ya pwani inastahili kipimo cha haraka cha malaria kabla ya dawa yoyote, na mseto unamezwa siku tatu zote hata homa ikiisha siku ya pili. Ugonjwa wa mitaani unaoitwa U.T.I. umewapeleka wengi kwenye antibiotiki za duka la dawa kwa homa iliyokuwa malaria.

Kuhusu mwendo wa mwili, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wa mwaka 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, yaani mwendo wa kutoa jasho kidogo huku akiweza kuzungumza. Kijana aliyekua akienda shamba la mikorosho kwa miguu, akivuta jarife au akichota maji alizipita dakika hizo bila kuzihesabu. Chuoni anakaa darasani, anakaa maktaba, anakaa kitandani na kompyuta mapajani. Ukubwa wa kampasi unaweza kumsaidia: Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna vilima, na Chuo Kikuu cha Dodoma majengo yake yametawanyika sana. Ila pale ambapo bodaboda zinapatikana mlangoni, vilima vinakwepeka. Wavulana hupata mpira wa jioni. Wasichana hupungukiwa zaidi, na sababu nyingi ziko nje yao: viwanja vimeshikwa na mpira wa miguu, mavazi ya stara hayana pa kubadilishia, na giza likiingia njia haziko salama. Uwanja wa netiboli wenye taa una manufaa zaidi ya kiafya kuliko semina tatu kuhusu mazoezi.

Ramadhani inahitaji maelezo yake, kwa kuwa wanachuo wengi wa pwani ya Lindi ni Waislamu na mwezi huo hukutana na vipindi au mitihani. Mtu mzima mwenye afya hustahimili saumu ya saa 13 au 14. Mwili wake hubadilika na kutumia akiba ya mafuta bila madhara. Kinachosumbua zaidi ni maji na usingizi. Anayekaa kwenye joto la pwani hupoteza maji mengi kwa jasho, hivyo maji yanayonywewa kidogo kidogo kati ya futari na daku yanafaa kuliko lita nzima inayoshindiliwa wakati wa adhana ya alfajiri. Daku ya uji wa mtama, kunde au mayai hukaa tumboni kuliko maandazi na chai. Futari ya pwani yenye tende, mihogo, magimbi na samaki ni mlo mzuri unaoharibiwa na sambusa na kachori zikizidi. Anayetumia dawa za kisukari, kifafa au selimundu azungumze na mganga wiki kadhaa kabla ya mwandamo, kwa sababu saa za dawa hupangika.

Pombe, sigara, bangi na shisha huchukua nafasi kubwa katika mawaidha na ndogo katika maisha ya wengi, ingawa kwa wachache madhara ni makubwa. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017, hatua iliyoondoa pombe kali ya bei ya chenji. Gongo inayotengenezwa kutokana na mabibo na vitu vingine bado ipo, na hatari yake ya pekee ni methanoli, inayoweza kupofusha au kuua. Shisha hudhaniwa kuwa salama kwa sababu moshi hupita majini, lakini maji hayachuji kaboni monoksidi, nikotini bado humfikia mvutaji, na kikao cha saa nzima humvutisha mtu moshi mwingi kupita wa sigara moja.

Kwa mwanachuo wa Lindi suala la VVU lina sura ya pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/2017 uliukuta mkoa wake miongoni mwa yenye maambukizi ya chini kabisa nchini, pungufu ya asilimia 1 ya watu wazima, wakati Njombe ilikuwa asilimia 11.4. Mazoea ambayo nyumbani hayakumdhuru, kama kumwamini mwenzi bila kupima, yanabeba hatari tofauti Iringa, Mbeya au Dar es Salaam. Kupima wote wawili, kondomu, na kwa walio katika hatari kubwa zaidi dawa za kinga kabla ya kukutana na virusi, vyote hupatikana bure katika vituo vya umma.

Upweke na msongo wa mawazo hauna kipimo cha damu, lakini unaonekana katika yote yaliyotangulia, maana asiyelala hula vibaya na mwenye deni halali. Sonona hutofautiana na huzuni ya kawaida kwa muda na kwa kina. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi mtu hapati furaha katika alichokipenda, usingizi na hamu ya kula vimebadilika, na anajiona hana thamani, huo ni ugonjwa unaotibika. Anayetaja kujidhuru asiachwe peke yake. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi na zahanati ya chuo ndiyo milango ya kwanza. Wazazi walio mbali husaidia kwa jambo dogo: kumpigia simu kijana bila kuanza na matokeo.

Bima ya afya ya wanafunzi chini ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, hulipwa na wengi na kutumiwa na wachache mpaka siku ya homa. Kadi hiyo hiyo inaweza kufungua kipimo cha shinikizo la damu mara moja kwa mwaka. Chini ya 120/80 ni sawa; inayofika 140/90 mara kwa mara inahitaji uchunguzi, hata kwa mtu wa miaka 21, hasa ikiwa mzazi ana presha. Wasichana wenye uchovu wa kudumu waombe kipimo cha wingi wa damu.

Miongoni mwa mambo ambayo wanachuo wenyewe hufanya kukabili haya yote, lenye faida kubwa kuliko mengine ni kupika kwa kundi. Wanne au watano walio geto hununua mtungi mdogo wa gesi, gunia dogo la mchele, unga, maharage na dagaa siku bumu linapoingia, kisha wanapika kwa zamu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa gesi kidogo. Fedha inageuka chakula kabla haijageuka chipsi, na mawimbi yanapungua. Walio katika hosteli hawana njia hiyo, kwa sababu kupika vyumbani kumekatazwa kwa hofu ya moto. Hofu hiyo ni ya haki, kama anavyojua yeyote aliyeona waya wa kuchemshia maji ukiwa umefichwa chini ya godoro. Jiko la pamoja linalosimamiwa lingeondoa hatari hiyo.

Suala hilo sasa linakaribia nyumbani. Kupitia mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujenga kampasi mkoani Lindi kwa ajili ya masomo ya kilimo. Mwanafunzi wa huko ataishi karibu na mashamba ya mbaazi na mahali boti za samaki zinapotia nanga. Kama atakula mbaazi na samaki itategemea saa ambazo kafteria itafunguliwa, bei ya sahani ikilinganishwa na kibanda cha chipsi kilicho nje ya geti, na kama mwenye zabuni ya chakula atatakiwa kununua kwa wakulima na wavuvi wa pale.